Sivyo, Shemeji

Paukwa.

*Pakawa!*

Polepole, wajukuu, kichwa kinaniuma. Tangu Jumatatu niko jikoni namenya ndizi, vidole vyangu vimekuwa vyeusi kwa utomvu, na miguu mnaiona ilivyovimba. Itikieni kwa sauti ya chini. Paukwa.

*Pakawa.*

Palikuwa na chungu.

*Kikaiva?*

Kikaiva.

*Akala nani?*

Hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Kaeni. Ndeonasia, uache huo mlango wazi kidogo, nimsikie babu yenu mkubwa huko sebuleni anapowasimulia wageni Krismasi za zamani. Yuko mwaka gani? Bado yuko kwenye harusi yake? Basi tuna nafasi.

Hapo kale, mlimani, katikati ya migomba, aliishi Pimbi. Alikuwa mdogo, hana mkia, hana mume. Mume wake alikufa akamwachia watoto wanne mkononi na mmoja tumboni. Yule wa tumboni alipozaliwa wakamwita Kitinda, maana baada yake hapakuwa na mwingine.

Mume huyo alikuwa na kaka yake, naye alikuwa Fisi. Msiniulize fisi na pimbi walizaliwaje tumbo moja. Nimechoka, na isitoshe kila ukoo una ndugu ambaye watu hawajui alitokea wapi. Fisi aliishi huko chini tambarare mwaka mzima, hana barua, hana salamu. Mtoto akiugua, Fisi hayupo. Paa likivuja, Fisi hayupo. Lakini Desemba ikifika, Pimbi akiweka chungu cha Krismasi jikoni, *toko toko toko*, utasikia huko njiani: *kwata-kwacha, kwata-kwacha, kwata-kwacha.*

Nani huyo?

*Fisi!*

Kwa sauti ya chini, nimesema.

Fisi alikuwa mkubwa wa ukoo, na mkubwa hupakuliwa kwanza. Hilo si baya. Ubaya ni kwamba yeye akipakuliwa kwanza, wa pili hapakuliwi. Krismasi ya kwanza alikula nyama yote, watoto wakala ndizi. Krismasi ya pili alikula nyama na ndizi, watoto wakanywa mchuzi. Krismasi ya tatu alikula nyama na ndizi, akanywa mchuzi, halafu akaomba maji ya moto asuuzie chungu, akayanywa na hayo. Watoto wakalala na harufu.

Pimbi akamfunika Kitinda, na Kitinda akamwuliza nyama ya Krismasi ina ladha gani. Pimbi akajaribu kumweleza, akashindwa. Ilimuuma. Yeye mwenyewe alikuwa amezoea njaa, lakini kumweleza mtoto ladha ya nyama aliyoipika kwa mikono yake mwenyewe, hilo lilimuuma mpaka asubuhi. Akasema moyoni, mwaka kesho mtoto huyu atakula.

Sasa sikilizeni desturi ya ukoo ule, maana bila desturi hakuna hadithi. Siku ya Krismasi, kabla chungu hakijapakuliwa, mkubwa hukaa uani na kupewa kata ya pombe ya ndizi. Akiwa ameishika, husimulia kumbukumbu moja ya Krismasi ya zamani. Akimaliza, nyumba nzima huitikia: *Ndivyo.* Hapo anakunywa, wanakwenda kula. Lakini kama kuna aliyesikia kosa, anasema: *Sivyo.* Basi mkubwa anaanza upya, kwa sababu marehemu wanasikiliza, na marehemu hawasimuliwi uongo. Na mkubwa akiitua kata chini kabla ya kuambiwa Ndivyo, ukubwa wake umekwisha siku hiyohiyo. Hapakuliwi tena kwanza.

Miaka yote hakuna aliyewahi kusema Sivyo. Nani ambishie baba mkubwa? Kwa hiyo Fisi alikuwa na kumbukumbu yake fupi: "Mwaka jana nilikula, mwaka huu nitakula, amina." Ndivyo, wanaitikia. *Gubu!* kata imekwisha. *Kwata-kwacha*, yuko jikoni.

Ikafika Krismasi ya nne. Pimbi akawaita watoto asubuhi, akawaambia kwa sauti ndogo: "Mtakaa nyuma yangu uani. Nikisema Sivyo mara ya kwanza, wawili wakubwa waende jikoni kwa mlango wa nyuma. Nikisema mara ya pili, wawili wa katikati. Nikisema mara ya tatu, Kitinda. Kila mmoja ale nyama yake ashibe, afute mdomo, arudi. Asigombane mtu, asicheke mtu."

Kitinda akauliza na mama je. Mama akasema yeye hana njaa. Huo ndio uongo wa kwanza wa siku ile.

Mchana, *kwata-kwacha, kwata-kwacha.* Fisi akafika, akanusa, akaketi, akapokea kata. Hata salamu hakumaliza.

"Mwaka jana nilikula, mwaka huu nitakula, amina."

"Sivyo, shemeji," akasema Pimbi.

Fisi akageuka polepole kama mtu aliyeitwa na ukuta. Pimbi akainamisha kichwa kwa adabu, akamweleza kwamba anasikitika sana, lakini mwaka jana shemeji hakula tu, alikula na kunywa, na maji ya kusuuzia chungu aliyanywa. Marehemu wanasikiliza. Isije ikasemwa kwamba mkubwa wetu anapunguza mambo.

Fisi akatazama kata, akatazama jikoni. Kuitua hawezi. Nyuma ya Pimbi watoto wawili wakubwa hawakuwepo tena.

Akaanza upya. Akaona mwaka jana una matatizo, achukue mwaka wa mbali ambao hakuna wa kuuhakiki. Akasimulia Krismasi ya ujana wake, alipombeba beberu peke yake kutoka sokoni mpaka mlimani, mvua inanyesha, *tapa tapa tapa*, beberu begani. Akasimulia jinsi alivyoteleza mtoni, jinsi watu walivyomshangilia, jinsi bibi yao alivyolia kwa furaha. Alisimulia vizuri, nisimnyime haki yake. Wakubwa wawili walikwisha kurudi, midomo imefutwa, na yeye bado yuko mtoni.

"Semeni Ndivyo."

"Sivyo, shemeji. Mwaka ule tulikula maharage."

Ilikuwa kweli? Mimi nitajuaje? Mmeshawahi kukaa na watu wa ukoo mmoja wakikumbuka Krismasi moja? Huyu atasema beberu, yule maharage, wa tatu atasema mwaka ule hatukuwa hapa kabisa, tulikuwa kwa mjomba. Na wote wataapa. Basi Fisi na Pimbi wakavutana. Ilikuwa beberu. Yalikuwa maharage. Bibi alilia. Alilia kwa moshi. Watoto wawili wa katikati wakaenda, wakala, wakarudi, na mmoja alisahau kufuta kidevu, ndugu yake akamfutia kwa kiganja.

Pimbi alikuwa amechoka. Mtu akiwaambia ujanja ni raha, mwambieni Bibi amekataa. Alikuwa amesimama tangu alfajiri, moshi umemwingia machoni, harufu ya nyama yake mwenyewe inampitia puani, na bado mtoto mmoja hajala.

Fisi naye alichoka. Akaihamishia kata mkono wa pili. Na aliposema tena, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Basi nitasimulia ile ambayo hata wewe huwezi kuikataa. Krismasi ya mwisho ya mdogo wangu."

Pimbi akainua macho.

Fisi akafumba yake. Akasimulia kwamba ilikuwa jioni ya mvua, mdogo wake anarudi kutoka kanisani na mkewe, mkewe ana mimba. Wakaingia uani huu huu. Akavua koti lake jekundu, koti pekee alilokuwa nalo, akamfunika nalo mkewe tumboni, yeye akabaki na shati limemganda mwilini. Watu wakamcheka. Akasema, "Acheni, huyu wa ndani asinyeshewe. Na mwaka kesho fungu langu la nyama apewe yeye."

Fisi akameza mate. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kweli kabisa.

"Nami nilikuwepo. Nilisema, ndugu yangu, atapewa. Haya. Semeni Ndivyo, nikale."

Mmemsikia? Analia, na analilia ndugu yake kweli, na anakwenda kula fungu la mtoto wa ndugu yake. Yote mawili katika pumzi moja. Hakuona tatizo lolote.

Kitinda hakuwa amewahi kusikia habari ile. Alikuwa amesogea mbele, mdomo wazi, jikoni amekusahau. Akamwangalia mama yake, na mama yake alikuwa anamtazama Fisi tu. Maana ilikuwa kweli, neno kwa neno. Mvua ilikuwa ile, maneno yalikuwa yale. Koti lilikuwa jekundu. Pimbi analo mpaka leo chini ya godoro, na siku nyingine akiwa peke yake hulitoa akalinusa. Na marehemu wanasikiliza. Akisema Ndivyo, Fisi ataingia jikoni na Kitinda atalala tena na harufu. Akisema Sivyo, atakuwa amemkana mumewe mbele ya watoto wake, sikukuu.

Jikoni, *toko toko toko.*

"Sivyo, shemeji," akasema. "Koti halikuwa jekundu."

Akamsukuma Kitinda kidogo mgongoni. Nenda.

Fisi alifumbua macho, akamwangalia kwa huzuni badala ya hasira. Akasema kwa upole, unakosea, mke wa mdogo wangu, majonzi yamekuchanganya. Akafumba macho tena. Akaanza upya: jioni, mvua, kanisani. Safari hii alisimulia polepole, kila kitu mahali pake, na alipofika kwenye koti alilisema mara tatu. Jekundu. Jekundu. Jekundu. Huku nyuma jikoni, Kitinda alikaa chini kando ya chungu, mnofu mikononi, anatafuna na kumsikiliza baba yake kupitia ufa wa ukuta. Alikula mpaka akashiba. Kisha akakwangua ukingo wa chungu, *kwaru kwaru kwaru*, akafuta mdomo, akarudi.

"Semeni Ndivyo," akasema Fisi.

"Ndivyo, shemeji," akasema Pimbi, na sasa ndiye aliyekuwa analia. "Lilikuwa jekundu. Ndivyo kabisa."

*Ndivyo*, watoto wakaitikia.

*Gubu!* *Kwata-kwacha, kwata-kwacha!* Fisi akafunua chungu. Ndizi zimo. Mchuzi umo. Nyama hamna. Akaita kwa sauti ya kutikisa migomba, nyama iko wapi?

Pimbi akaja, akachungulia, akasikitika.

"Shemeji, imetokota mno. Ulisimulia vizuri lakini ulisimulia mara nne. Nyama haiwezi kungoja hivyo, imeyeyukia kwenye mchuzi."

Fisi akafikiri. Alikuwa amesimulia mara nne, hilo hakuweza kulikataa. Akaketi, akanywa mchuzi wote akiitafuta nyama yake, kata kwa kata, na kila kata akasema naam, hii hapa, naisikia. Akashiba maji, akashuka zake tambarare, na njiani alimwambia kila aliyekutana naye kwamba hajawahi kula Krismasi nyama laini kama ile.

Pimbi alikula ndizi mbili zilizobaki. Zilikuwa zimepoa. Kisha akalitoa koti chini ya godoro, akamfunika Kitinda. Kitinda akaligusa, akaliangalia rangi, kisha akamwangalia mama yake.

Hadithi yangu naitua hapa, mwenye mgongo aibebe.

Mnataka funzo? Hadithi ya Krismasi lazima iwe na funzo, mama zenu wataniuliza. Funzo ni kwamba mkubwa akisema usimbishie. Mkubwa hupakuliwa kwanza, mdogo angoje. Na siku ya Krismasi mtu asiseme uongo, hasa mbele ya marehemu, kwa maana wanasikiliza na hawasamehe. Mmeshika? Nendeni mkawaambie hivyo hivyo mama zenu.

Sasa nisikilizeni. Sebuleni amefika wapi? Amemaliza ya harusi? Hicho kicheko chake ndicho cha mwisho, anakaribia kuuliza chakula.

Ndeonasia, wewe ni mkubwa. Chini ya kitanda changu kuna sufuria, nimeifunika kwa koti la babu yenu, lile jekundu. Kila mmoja ale ashibe, na koti msilitie mafuta. Anza na mdogo.

Nipeni mkono niinuke. Aii, miguu hii. Naenda kumwambia shemeji kwamba kwenye harusi yake hatukula beberu, tulikula maharage.