Bi Harusi Mmoja, Simu Arobaini

Wapendwa, mwenye simu mkononi asiifiche. Mfano huu unamhusu.

Kulikuwa na mama mmoja, kijiji cha mlimani, ambaye binti yake wa pekee alikuwa anafunga ndoa nchi ya mbali. Pasipoti hakuwa nayo. Akaambiwa asijali, ibada itarushwa mtandaoni moja kwa moja. Akavaa kitenge kipya, akaketi kanisani mbele ya simu yake tangu alfajiri.

Saa nne, kijiji kizima kikawa kimejaa humo, kikafungua simu. Simu arobaini, mnara mmoja wa mtandao! Mnajua kilichotokea? Kile kiduara cha kusubiri mtandao. Kikazunguka, kikazunguka. Mama akaona kiatu cha bi harusi, basi.

"Mnara umerogwa!" akalia.

Fundi simu wa pale akacheka. "Haujarogwa, mama. Mmeuagiza ulete bi harusi mmoja mara arobaini! Huyu angetaka mpira na yule taarabu, ningesema kila mtu na simu yake. Lakini wote mnataka kitu kilekile, dakika ileile. Zimeni, ibaki yangu. Nitaipokea mara moja, niirushe ukutani kwa projekta, tuone wote."

Mzee wa kanisa akasimama. "Jamani, tumwonee huruma mama huyu. Kila mtu azime data!" Akaongoza na sala, ndefu kweli. Watu wakaitikia amina.

Picha ikatokea ukutani. Mama akamwona binti yake, akapiga vigelegele. Mchungaji wa kule akauliza, "Je, unakubali?" Bi harusi akafungua mdomo... kiduara.

"Bado kuna simu zinavuta data!" fundi akafoka.

Kila mtu akaapa si yeye. Ndipo ikasikika sauti nyororo kutoka mfukoni mwa mzee wa kanisa: "Ndiyo, nakubali." Ikafuata chini ya kitenge cha kiongozi wa kwaya: "Ndiyo, nakubali." Ikaja na kule nyuma. Bi harusi alikubali mara kumi na moja, na mama yake hakumwona akikubali hata mara moja.

Mnacheka? Chekeni. Lakini sisi ni nani hapo, kama si wale walioitikia amina? Tunapenda umoja, ilimradi aanze jirani. Mimi naona uchungu kwa ajili ya mama yule, maana aliponzwa na watu waliomwombea. Basi tieni mkono mfukoni. Hapana, sadaka baadaye. Zimeni kwanza, ndipo tuombe.