Siwatu Aliyelibeba Jiwe la Chemchemi

Ketini, watu wa Kwa Siwatu, na mwenye mtoto ampakate, maana jina la mwenye mji halitajwi watu wakiwa wamesimama.

Enzi ninazozisema ni zile ambazo usiku ulikuwa na miezi miwili, mmoja mweupe na mmoja wa rangi ya shaba, na majitu yalikuwa yakishuka kutoka Nchi ya Barafu kuja kubadilishana ngozi za wanyama kwa chumvi, na Wafupi wa Mlimani walikuwa wakifua vyuma chini ya ardhi, nyundo zao zikisikika mashambani kama moyo wa mtu aliyelala. Katika enzi hizo alizaliwa Siwatu binti Ndurumo. Baba yake alikuwa jitu, Ndurumo Mvunja Magogo. Mama yake alikuwa mwanadamu, Mwanakombo wa ukoo wa wafinyanzi. Yeye ndiye Siwatu Shingo ya Nguzo, Siwatu Mgongo Usiopinda, aliyelinyanyua gari la ng'ombe kutoka matopeni pamoja na ng'ombe wake wawili, kisha akawapangusa miguu.

Katika siku zake joka Sumbwiru, lenye magamba mapana kama ngao, liliingia katika mji uliozikwa wa Watu wa Kwanza, ndani ya Mlima Kongwe. Likasukuma jiwe juu ya chemchemi ya Mto Luhembe, likalala juu yake. Mto ukakauka. Babu zetu wakawa wanalamba umande kwenye majani alfajiri, na watu wakaanza kufa, wadogo kabla ya wakubwa. Siwatu alimzika binti yake wa pekee kwa mikono yake mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisema, "Ya Mungu hayajibiwi," akachukua mkanda wa kubebea mizigo, akaufunga kiunoni.

Sasa sikilizeni sheria ya joka. Mungu aliliumba lina moto kinywani, lakini uongo akalinyima. Lilikuwa limeapa kwamba kila anayeingia achague kitu kimoja, akibebe peke yake mpaka nje ya lango. Kisipogusa chini wala kuguswa na mtu mwingine, ni chake. Kikigusa chini, kitu na aliyekibeba ni mali ya joka. Mashujaa wengi walikwenda, wenye panga za kung'aa na waganga wenye fimbo za radi, wakiwa wameahidi kuurudisha mto. Na kila mmoja alipoiona dhahabu ya Watu wa Kwanza alisahau kiu ya kwao, akachagua sanduku. Mifupa yao ilibaki kwenye ngazi.

Siwatu alikwenda na mtu mmoja tu, Mdoe, fundi makufuli wa Wafupi wa Mlimani, aliyemfika kiunoni kwa kimo, na ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko yeye. Mdoe alifungua malango ya chini, moja baada ya jingine, na kwenye ngazi alisema, "Dada, kama ni kufa, nitangulie mimi. Wewe ukianguka mbele utaziba njia."

Wakalikuta joka limelala juu ya jiwe kubwa kama nyumba.

"Karibu, binti Ndurumo," likasema. "Taji lipo, kiti cha enzi kipo. Chagua."

"Nataka hilo ulilolilalia."

Joka likacheka hata vumbi likadondoka darini. "Wenzako walitaka dhahabu, wewe unataka kitanda changu?"

"Lala chini, bwana mkubwa," akasema Mdoe, nyuma ya mguu wa Siwatu. "Chini kuna baridi nzuri."

Lakini neno lilikuwa limekwisha kusemwa, na joka halikuweza kulivunja. Likashuka. Siwatu akapiga goti, akamwomba Mungu, akalikumbatia jiwe, akalitia mabegani. Maji yakaruka nyuma yake kama ng'ombe waliofunguliwa zizini.

Akapanda ngazi, na maji yakapanda pamoja naye. Mdoe alitembea pembeni akiwa amekunja mikono kwapani, asije akaligusa kwa huruma. Joka likafuata, likinong'ona: "Litue, mama. Nani atakulaumu? Mwanao harudi kwa jiwe hili."

Siwatu akasema, "Simbebei aliyekufa. Nawabebea waliobaki."

Akatoka langoni. Joka likasema, "Jiwe ni lako." Likakunjua mbawa, likaenda kaskazini, halikurudi tena.

Sheria ya joka iliishia pale, na sasa angeweza kusaidiwa. Mtu mmoja asingeweza kulitua jiwe lile. Watu wote wa kabila wangeweza. Akiliachia pale aliposimama, lingeziba lango na chemchemi ingefungwa upya. Akilitupa mbele, lingeporomoka juu ya watu waliokuwa wakiupanda mteremko na vibuyu vyao.

"Jamani, mtueni!" Mdoe akapiga kelele. "Mtueni dada yangu!"

Lakini babu zetu walikuwa wameinama, nyuso zimo ndani ya maji, wanacheka na kulia, na mto ulikuwa ukinguruma. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Waache wanywe," akasema Siwatu. "Kiu haina masikio."

Akageuka, akafuata mgongo wa mlima kuelekea jangwani, na kila alipokanyaga mwamba ulibonyea.

Walipokwisha kunywa ndipo walipomkumbuka. Wakazifuata nyayo zake mpaka ukingo wa jangwa, wakalikuta jiwe limesimama wima, limewekwa taratibu, hata nyasi za pembeni hazikuvunjika. Siwatu hakuwapo. Hapakuwa na mwili, wala nguo, wala tone la damu, na nyayo hazikuendelea mbele.

Wakasimama na aibu yao. Mdoe akaweka kiganja juu ya jiwe, akasema, "Mikono ya watu haikumtua. Basi ni ya Mungu."

Hapo ndipo wazee wetu walipojenga mji huu, kulizunguka jiwe lile, na wakaapa kiapo tunachokishika hadi leo: amwonaye mtu na mzigo, hata akiwa kwenye chakula, atainuka amtue kwanza, ndipo amuulize habari. Wageni hutucheka. Wafanyabiashara wa pwani husema Kwa Siwatu huwezi kupita na kikapu cha mayai bila kunyang'anywa na watu wanne. Waseme. Sisi ni watu wa Siwatu, na katika nchi hii yote hakuna mji mwingine ambamo mtu hatui mzigo wake peke yake.

Juzi mlipomshusha mume wangu kaburini, mikono ilikuwa mingi hata sikuiona sanda.