Doa Shavuni

Wapendwa, alikuwepo mama mmoja mstaafu. Kanisa lake silitaji, msije mkaanza kugeuka na kumtafuta kwenye mabenchi. Mama huyu aliona kukaa bure ni kujizeesha, akajiunga na darasa la kuchora lililofundishwa kila Jumamosi kwenye ukumbi wa usharika. Walichorea chaki laini za rangi, zile ziitwazo pasteli. Unapaka kwenye karatasi, kisha unalainisha kwa kidole mpaka rangi moja iingie ndani ya nyingine. Mama alizipenda mno. Dole gumba lake lilikuwa na kovu lililokingama, alilopata utotoni kwa kisu cha kumenyea ndizi, na kwa dole hilohilo akawa hodari wa kulainisha mawingu.

Sasa, mama huyu alikuwa na mwana mmoja tu, aliyefanya kazi mbali. Mke wa huyo mwana aliishi na mama mkwe wake. Waliishije? Walisalimiana. Mnacheka nini? Wamo humu wanaosalimiana tu.

Pasaka ikakaribia, na mwana alikuwa anakuja likizo. Mama akaamua kumchorea picha ya kutundika ukutani, akiiga ile ya harusi. Angependa amchore mwanawe peke yake, lakini bibi harusi alikuwa amesimama pale ubavuni, utamkata vipi? Akaanza na yeye, ili amalizane naye. Akashika chaki nyeusi, akazikandamiza nywele za mkwe kuliko zilivyohitaji, akazisugua kwa dole gumba huku moyoni akirudia maneno waliyorushiana juzi kwa sababu ya chumvi kwenye mboga.

Halafu akamgeukia mwanawe. Hapo mkono ukawa mwepesi. Akampaka rangi ya kahawia, akamlainisha shavu taratibu kama alivyokuwa akimpaka mafuta alipokuwa mchanga. Sebule ilikuwa imeanza kuwa na giza, hakuona vizuri. Akaifunika picha kwa kanga, akaenda kulala na furaha yake.

Asubuhi akaitoa uani kwenye jua. Shavuni mwa mwanawe palikuwa na doa jeusi la kidole.

Wakati huohuo mkwe alikuwa jikoni anaongeza mkaa kwenye jiko la chai. Mikono yake ilikuwaje? Nawauliza ninyi. Ungekuwa wewe ndiye hakimu, ungetaka shahidi gani tena?

"Umemshika mwanangu usoni na hiyo mikono yako!"

"Mama, haki ya Mungu, picha sijaifunua. Hata kuiona sijaiona."

"Na mkaa huo ni wa nani, wangu? Umenichafulia nyumba nikanyamaza, sasa unanichafulia na mtoto. Rudi kwenu! Akija mwenyewe atakufuata huko, akitaka."

Binti alinawa mikono, akaiepua chai ya mama isije ikafurika, akafunga begi lake, akaenda stendi. Mama naye akabeba picha yake mpaka kwa mwalimu. Njiani alijiona mtu mwenye haki, na tena aliyechelewa kuitumia.

Mwalimu akaitazama picha. "Mama, ulianzia wapi?"

"Kwenye nywele za huyu."

"Kwa chaki nyeusi. Ukazilainisha?"

"Nikazilainisha."

"Halafu ukafuta kidole?"

Mama alifungua mdomo ajibu, macho yakaangukia lile doa. Katikati yake ulipita mstari mwembamba usio na rangi, umekingama. Akaligeuza dole gumba lake, akalitazama kovu, akalitazama tena shavu la mwanawe.

Mwalimu hakujua lolote la nyumbani. Akasema, "Usijali, Mama. Kila anayeanza hufanya hivyo. Doa hili linatoka, chukua tu brashi kavu upanguse polepole."

"Na nililompaka mtu?"

"Mtu gani, Mama?"

Mama aliiacha picha mezani, akatoka mbio kuelekea stendi.

Ndugu zangu, na sisi je? Tukiona doa kwa tunaowapenda, tunakimbilia jikoni kutafuta mwenye mkaa. Watoto wameharibiwa na shangazi zao, ndoa imeharibiwa na majirani. Inawezekana. Lakini ile chuki uliyomkandamizia usiyempenda, ulidhani imebaki kwake? Uliondoka nayo kidoleni, ukaenda nayo moja kwa moja kumpapasa umpendaye. Mjukuu anayekusikia kila siku ukimsema mama yake, unadhani yeye amebaki msafi? Ule msemo wa nyani mnaujua. Siumalizi hapa madhabahuni.

Najua mnachotaka kuniuliza. Alimkuta? Sijui. Mfano wangu unakomea njiani, mama akikimbia.

Baada ya muda mfupi tutapeana mkono wa amani. Kabla hujamnyooshea jirani yako mkono, ugeuze kwanza uutazame. Na kama yuko mtu uliyemfukuza kwa doa lako mwenyewe, usikae kunisubiri nimalize. Toka sasa hivi. Sadaka yako itakusubiri. Basi halisubiri.