Ngwe ya Namkunda

Ngwe ya msafiri haioti magugu. Ndivyo alivyosema Mzee Mgonja makaburini, tulipomaliza kumzika kaka yangu Mbonea. Jana tulikuwa jikoni tunapukuchua maharage, na Nanzia, binti wa marehemu, akaniuliza, "Shangazi, baba alikuwa msafiri wa wapi? Maisha yake yote hakuvuka Same mjini."

Wadogo zake wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliolia siku nyingi. Nikawaambia waendelee na maharage, nami nitawaeleza, kwa kuwa methali hii ilizaliwa katika nyumba yetu. Naiandika kama nilivyoisimulia, nisije nikaisahau.

Baba yetu alipozeeka aligawa shamba lililo chini ya mfereji vipande viwili, yaani ngwe mbili, moja ya Mbonea, moja yangu mimi Namkunda. Kwetu milimani ngwe huenda pamoja na zamu ya maji. Na sheria ilikuwa hii: asiyefika kwenye msaragambo, kazi ya wote ya kusafisha mfereji, misimu mitatu mfululizo, ngwe yake hupewa mwingine pamoja na zamu yake. Hakuna aliyeilalamikia. Maji yalikuwa machache.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipokwenda Maskati kumhudumia bibi mmoja mgonjwa. Nilikaa miaka kumi na moja. Nilichopata nilikituma nyumbani. Kwanza ilikuwa saruji ya mfereji, maana Mbonea aliniandikia kwamba maji yanamezwa na udongo kabla hayajafika mashamba ya chini. Baadaye zikawa dawa za mama, mpaka mama akafariki. Sikujibakizia kitu. Bibi yule naye alipofariki, kazi yangu ikaisha. Watoto wake wakanikatia tiketi, wakaniaga vizuri, nikarudi na begi moja.

Njia nzima niliwaza jambo moja tu. Mama hayupo, na ngwe yangu bila shaka ilikwisha kupewa mtu mwingine zamani. Nilikuwa ninarudi kwetu bila mahali pa kusimama.

Niliposhuka kwenye gari sikwenda nyumbani. Nilipita njia ya mashambani ili niione ngwe mara moja, kisha nijue la kufanya. Niliikuta imejaa maharage, mistari imenyooka, na mwanamke nisiyemjua anapalilia. Nikasema moyoni, mwenyewe wa sasa ndiye huyu. Niliona haya kujitaja. Nikamsalimu, nikamwuliza kama anahitaji kibarua.

"Kibarua kwenye ngwe hii?" Akanyoosha mgongo. "Mume wangu hawezi kukubali. Anasema hii hailimwi kwa mkono wa kulipwa. Ni ya dada yake."

"Dada yake yuko wapi?"

"Uarabuni. Wifi huyo simjui sura, lakini mgongo wangu unamjua sana. Kila msimu tunaanza kwake, kwetu baadaye. Siku akija, kabla sijampa chai, atanikanda kwanza."

Nikauliza lile lililokuwa linanisumbua tangu Maskati. "Na akirudi mikono mitupu?"

"Mikono mitupu ndiyo inayoshika jembe," akasema. Halafu akanitazama. "Mbona unalia, dada?"

Wakati huo Mbonea alikuwa anateremka kutoka kwenye mfereji, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alisimama, akanitazama kwa muda, akaja akanipokea begi.

"Umechelewa, Namkunda," alisema. "Palizi imekaribia kwisha. Zamu yako ya maji ni kesho asubuhi." Kisha akamgeukia mkewe. "Nakiete, huyu ndiye wifi yako."

Nakiete akatupa jembe, akanigeuzia mgongo. "Basi ndio huu. Anza kukanda."

Jioni hiyo Nakiete alinieleza yote. Katika kila msaragambo Mbonea alichimba sehemu yake, akapumzika, kisha akachimba yangu. Msimu wa tatu Mzee Mgonja, aliyekuwa msimamizi wa mfereji, alimwambia mbele ya watu, "Mbonea, sheria haimjui mtu. Dada yako hayupo."

Mbonea hakuwa mtu wa maneno. Alipiga ukingo wa mfereji kwa kiganja. "Hii ni nini?"

"Saruji."

"Nani kaileta?"

Watu wakautazama ukingo.

"Ninyi mlibeba mawe, nami nawashukuru, maana saruji peke yake haipandi mlima. Yeye kaleta saruji. Maji yanapita juu ya jasho lake mpaka mashambani kwenu, halafu mnasema hayupo. Mimi nikiwa hai, ngwe ya msafiri haioti magugu."

Mzee Mgonja akafungua daftari, akaandika jina langu kuwa nimefika. Tangu hapo, kila mwenye mtoto Nairobi, Dar es Salaam au ng'ambo alijua kwamba sehemu ya mtoto wake italimwa, na mtoto naye alijua mkono wake unahesabiwa. Maneno ya kaka yangu yakawa methali ya wote.

Nilipofika hapo, Nanzia aliacha maharage. "Kwa hiyo sasa msafiri ni baba."

Aliyemjibu ni mama yake, Nakiete, ambaye siku zote za msiba hakuwa amesema mengi. "Zamu yake ya maji ni kesho," alisema. "Tunaanza kwake, kwetu baadaye."

Leo asubuhi tumekwenda sote. Nanzia alishika jembe la baba yake, akafungua njia, na maji yakaingia polepole katikati ya mistari aliyoipanda Mbonea mwenyewe. Nilipalilia ngwe ya kaka yangu kuanzia juu mpaka chini kabla sijagusa yangu. Sasa mgongo unaniuma, nami nimeyapokea maumivu hayo kwa shukrani. Ngwe ya msafiri haioti magugu.