Kwa Nini Ngiri Huingia Shimoni Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa.

Sauti gani hiyo, hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale alikuwepo Ngiri na wanawe wawili. Walikaa katika shimo alilochimba jirani yao Muhanga, mla mchwa, kisha akalihama.

Ngiri alijua kukimbia. Kingine hakujua. Kila jioni Fisi alikuja kuwawinda. Wao mbio, tifu! tifu! tifu! Watoto wanatangulia shimoni, mama anafuata, kichwa mbele. Kichwa ndani, matako nje. Fisi naye anafika. Nga!

Siku ya kwanza Fisi aliondoka na nusu ya mkia. Siku ya pili aliondoka na kipande cha paja. Unacheka nini, Mwanakheri? Mkia haukuwa wako.

Fisi akatafuna, akameza, akasema, "Bi Ngiri, ahsante. Kesho nakuvuta wewe mzima. Keshokutwa nawafuata watoto."

Asubuhi Muhanga alimkuta Ngiri akizunguka kichuguu mbio. Tifu! tifu!

"Jirani, wafanya nini?"

"Najizoeza. Fisi anakuja!"

"Anakuja lini?"

"Jioni."

"Na sasa ni lini?"

"Asubuhi."

"Basi kaa."

"Nikae, wanangu waliwe?"

"Umekimbia siku mbili. Zimekufaa nini hizo mbio?"

Ngiri akautazama mkia wake, ule uliobaki. Akakaa. Alikaa upande, maana paja lilimuuma.

Jua likapanda. Muhanga akala mchwa. Jua likafika utosini. Ngiri akalia, kwa kuwa aliwapenda sana wanawe na aliogopa sana. Akamaliza kulia. Akaendelea kukaa.

"Muhanga."

"Naam."

"Meno yangu makubwa yako wapi?"

"Usoni."

"Na Fisi huniuma wapi?"

"Nyuma."

Ngiri akageuza shingo, akatazama nyuma yake. Muhanga akala mchwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwahi kukaa."

Jioni Fisi akaja. Mbio, tifu! tifu! tifu! Watoto wakaingia, wa kwanza, wa pili. Ngiri akafika mlangoni. Akasimama.

Fisi alishangaa, naye akasimama. Hakuwahi kuona jambo kama hilo.

Ngiri akageuka. Akaingia kinyumenyume, polepole, matako ndani, uso nje. Fisi akaliona shimo, akakumbuka paja. Akatumbukiza mdomo vilevile kama jana.

Nga!

Safari hii haikuwa sauti ya Fisi kuuma. Mdomo wa juu ukapasuka, wa chini ukapasuka.

"Bi Ngiri," akasema Fisi, damu zikimtoka, "leo nyumba yako ina mlango."

"Ilikuwa nao siku zote," akasema Ngiri. "Niliuelekeza ndani."

Fisi akaenda zake, hakurudi. Watoto wakalala, wote wawili.

Funzo ni hili: miguu hukuokoa leo, lakini kesho utaokolewa na kukaa ukafikiri.

Hadithi yangu nayo imeishia hapo. Imeingia shimoni kinyumenyume. Anayeitaka tena asiifuate kwa pupa.