Kikao Hakivuti Maji

Kikao hakivuti maji. Leo mmemsikia mwalimu akiwaambia wazazi maneno hayo, wazazi wakainamisha vichwa, nanyi mmekuja mbio kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali, wajukuu zangu. Yalizaliwa hapahapa Ng'humbi, na yalizaliwa hivi.

Kisima chetu cha pampu kilikuwa na mtunzaji mmoja, Nyemo, mke wa Chilewa. Waliochimba kisima ndio waliomfundisha kazi, wakamwachia spana. Aliijua pampu ile kwa sauti, kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe. Basi mpini ulipoanza kuwa mwepesi na maji kutoka kwa kusuasua, hakungoja kuambiwa. Ile ngozi ya ndani inayonyanyua maji ilikuwa imelika. Ngozi mpya alikuwa nayo nyumbani. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu siku: watu sita wavute mabomba juu, yeye abadilishe ngozi, mabomba yarudi chini.

Lakini kanuni ilikuwa kwamba pampu haifunguliwi bila ruhusa ya kamati ya maji. Nyemo akaenda kwa mwenyekiti, Mzee Ndahani, akamweleza. Mzee alimshukuru sana, akasema jambo zito kama hilo linataka kikao.

Kikao cha kwanza kiliahirishwa, wajumbe hawakutimia. Cha pili walitimia, wakabishana hadi jua la utosi kama wale watu sita watoke kitongoji cha juu au cha chini. Cha tatu wakaunda kamati ndogo ya kuichunguza pampu. Kamati ndogo ikaja, ikaizunguka pampu mara mbili, ikarudi kutoa taarifa kwamba ni kweli, pampu ina tatizo. Wiki hiyohiyo pampu ikakauka kabisa.

Sasa wanawake wakawa wanakwenda korongoni, mwendo wa saa mbili, kuchimba mchanga na kukinga maji ya tope. Mbeleje, mke wa mtoto wa Nyemo, alikuwa na mimba ya miezi minane. Aliteleza kwenye ukingo na ndoo kichwani. Mimba ilisalimika, mguu ukavunjika. Nyemo alikesha naye zahanati, na kulipokucha akaletewa habari kwamba kamati inakutana mara ya nne, kuamua nani aandike muhtasari.

Kikao kilikuwa kwenye baraza la ofisi ya kijiji, hatua chache kutoka kisimani. Nyemo hakwenda moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye pampu, akaweka ndoo tupu chini ya mdomo wake, kisha akaja akaketi mwisho wa benchi.

Mzee Ndahani alikatiza maneno yake. "Nyemo, ndoo ile ya nini? Si unajua pampu haitoi maji?"

"Najua, mwenyekiti. Endeleeni tu. Nimeitega nione kikao cha leo kitaijaza hadi wapi."

Mjumbe mmoja alinung'unika kwamba huo ni utovu wa adabu. Ndahani akamwuliza Nyemo kama amekuja kuwadharau wazee.

"Sijamdharau mtu, baba. Mkwe wangu amelala na mguu umefungwa mbao kwa sababu ya maji. Mmekaa mara nne, na maneno yenu yote ni mazuri. Ila kikao hakivuti maji. Maji huvutwa kwa mikono."

Mzee Ndahani aliitazama ile ndoo. Kisha akainuka, akavua koti lake, akalikunja juu ya kiti, akauliza spana iko wapi. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na habari ya kitongoji cha juu na cha chini haikusikika tena. Alasiri maji yalitoka, kwanza mekundu, halafu safi. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka korongoni walimwaga tope lao njiani.

Wiki iliyofuata kamati iliitisha kikao cha kumpongeza Nyemo. Yeye akatuma salamu kwamba anawashukuru, lakini yuko kisimani anakaza nati, wao waendelee tu.

Ndahani alipopata salamu hizo alicheka mpaka akafuta macho. Akawageukia wajumbe. "Inukeni, twendeni tukamsaidie," akasema. "Kikao hakivuti maji."