Jiwe la Shingoni

Paaa! Usiku wa kuamkia harusi ya bintiye, Bwana Singano alisikia tofali likipasuka ndani ya jiko lake kubwa la kuni. Jiko hilo lilikuwa fahari yake. Aliutangazia mji mzima kwamba alilijenga kwa mikono yake, na jina la fundi wa kweli hakulitaja kamwe. Fundi huyo akabaki bila kazi.

Kwa kuwa hakutaka fundi huyo aonekane harusini, Singano alimwita mke wa fundi, Havijawa, aliyekuwa akimkandia mumewe udongo. Havijawa akang'oa matofali mabovu, akatia mapya, akabadilisha wavu wa chuma ulioliwa na moto. Wageni walipojaa uani wakingoja pilau, akapaza sauti.

"Baba, limebaki jiwe la shingoni. Hilo hulegezwa na aliyejenga tu. Mwingine akikosea, bomba la moshi linamwangukia."

"Legeza wewe!"

"Mimi, na mjenzi yupo? Jamani, mpisheni baba!"

Vigelegele vikalia. Singano akajipenyeza ndani ya jiko na kanzu yake nyeupe, makalio yakabaki nje.

"La kulia au la kushoto?" akanong'ona.

"Unaniuliza mimi, baba? Si ulijenga wewe?"

Jiwe la shingoni halikuwepo. Jiko lilikuwa limekwisha pona tangu asubuhi. Havijawa akaligonga bomba kwa mwiko, kidogo tu. Masizi yakamwagika.

"Linaanguka!" Singano akapiga yowe. "Sikujenga mimi! Mwiteni aliyejenga! Mwiteni Shekigenda!"